Saini ya Rambirambi

Iringa,
Jumapili, 9 Machi 2025

Mjomba Yotamu,

Shikamoo. Na anti Anjela umfikishie shikamoo yake, umwambie sweta aliyonifumia imeniokoa. Mwaka huu Iringa mvua hainyeshi, inamwagwa, na chumba chetu cha hosteli kina dirisha ambalo halijawahi kufungika tangu nihamie. Mimi ni mzima. Mitihani ya katikati ya muhula nimemaliza Ijumaa. Mama alipiga simu kutoka Tukuyu, anasema mgomba wa nyuma ya jiko umeanguka na mkungu wake, na kwamba kaka yake hajakanyaga huko tangu Krismasi. Nafikisha kama nilivyotumwa.

Najua mambo ya mahakama huyataki kwenye simu. Tangu niko bweni unaniambia neno la simu halina faili. Basi naandika.

Nilikwambia najitolea kwenye kliniki ya msaada wa sheria ya chuo. Kila Jumamosi tunakwenda Ilula, wanafunzi sita na mwalimu wetu Madam Benedicta. Tunapanga meza ofisi ya kata, watu wanakuja na karatasi zao kwenye bahasha kuukuu, tunasoma, tunaeleza, tunaandika. Hatulipwi na hatumlipishi mtu. Nauli tunachanga wenyewe.

Mwezi uliopita alikuja mama mmoja anaitwa Severina. Nikamsalimia kwa Kihehe, kamwene, kwa lafudhi yangu ya Kinyakyusa, akacheka, halafu akalia. Kwao ni hapohapo Ilula, ila alikuwa ameolewa huko kwenu Ilomba. Mumewe, Liberatus, fundi seremala, alifariki Agosti mwaka jana. Matanga yalipoanuliwa, shemeji yake mkubwa, anaitwa Didas, akamwambia, "Shemeji, nenda kwenu ukapumzike kidogo, mambo ya huku tutayaweka sawa." Akapumzika miezi minne. Aliporudi Desemba alikuta wapangaji ndani ya nyumba yake na kufuli jipya getini. Didas akamtolea karatasi ya mahakama: yeye ndiye msimamizi wa mirathi, kikao cha ukoo kilimchagua, na Severina mwenyewe alikubali kwa saini.

Huyu mama anaapa hakuna kikao alichokaa. Sasa anauzia abiria nyanya barabarani, analala na watoto wawili kwenye stoo ya kaka yake, na Didas ameanza kutafuta mnunuzi wa nyumba.

Ombi langu ni dogo. Wewe ulikuwa karani wa mahakama miaka thelathini na moja, na meza yako ya kuwaandikia watu barua iko hatua chache kutoka mahakama ya mwanzo iliyofungua mirathi hiyo. Nenda kaangalie faili. Niambie tu kikao kimeandikwaje na kina saini za nani.

La mwisho ni la furaha. Julai chuo kitafanya hafla ya kuwatambua wanafunzi wanaojitolea, na Madam Benedicta amenong'ona kwamba jina langu limo. Kila mmoja anaruhusiwa mzazi au mlezi mmoja kukaa mstari wa mbele. Mama atasema miguu inamsumbua. Nimekuandika wewe.

Mpwa wako anayekuheshimu,
Tumpe


Ilomba, Mbeya,
2 Aprili 2025

Kwako mpwa wangu Tumpe,

Marahaba. Barua yako niliipata tarehe 14 ya mwezi uliopita kwa mkono wa kondakta, bahasha imelowa pembe moja, maandishi yote salama. Usihesabu siku za kuchelewa kwangu. Nilikuwa na shughuli, na goti. Anti yako mzima, anahangaika na maharage yake ya uani ambayo mvua imeyalaza. Mama yako mwambie mgomba ukianguka hautafuti kaka mtu, unatafuta nguzo.

Habari ya hafla imenitoa machozi, sioni aibu kusema. Nimemwambia mchungaji, nimewaambia wazee wenzangu wa kanisa, na fundi ameshanipima suti, rangi ya kijivu. Miaka thelathini na moja nimepanga mafaili ya nchi hii. Siku ya kustaafu walinipa saa ya ukutani na soda, na saa yenyewe ilisimama kabla hata sijaizoea. Kwa hiyo siku hiyo nitakaa mbele nipige makofi mpaka mikono iwake moto. Ndaga fijo, asante sana, kwa kunikumbuka.

Hilo la mama wa Ilula sasa. Tumpe, wewe bado mwanafunzi, na mirathi ya watu ni kaa la moto. Mimi nimekaa mahakamani. Kila mjane anayefika mezani hakukaa kikao, hakuona karatasi, hakusikia. Faili sikulipata. Mafaili ya mwaka jana yamehamishwa chumba, na karani wa siku hizi ni kijana asiyejua hata salamu. Ushauri wangu, mwambieni huyo mama akazungumze na shemeji zake kindugu. Wazee wakikaa, mambo huisha. Nyinyi chagueni kesi nyingine. Hakuna watu wenye migogoro ya mipaka huko Ilula?

Niandikie pia kama ukumbi una ngazi nyingi. Goti hili ngazi halizipendi.

Mjomba wako,
Yotamu


Iringa,
Jumapili ya Matawi, 13 Aprili 2025

Mjomba,

Shikamoo. Nakuamkia kwa sababu nimelelewa, si kwa sababu nina hamu. Mama mzima. Anti Anjela msalimie. Mimi si mzima. Tangu Jumanne chakula hakipiti.

Faili limepatikana. Halikuhamishwa chumba chochote. Severina alipanda basi Jumatatu kwa nauli tuliyochanga, akasindikizwa na Junaid. Junaid ni mwenzangu wa kliniki, kwao ni hapo Mbeya, wazazi wake wana duka la vitambaa. Wakaandika barua ya kuomba nakala, wakalipia, na huyo karani asiyejua salamu akawapa siku ileile. Aliwasalimia pia.

Jumanne Junaid akanikabidhi muhtasari wa kikao, tumekaa kwenye ngazi za maktaba. Nikasoma mstari wa kwanza. "Kikao kilifunguliwa kwa sala mnamo saa nne kamili asubuhi, wajumbe wote wakiwa na utulivu." Sikuhitaji wa pili. Mjomba, huo mwandiko nausoma tangu niko darasa la tano. Hiyo K yako yenye mkia. Hiyo tarehe unayoipigia mistari miwili chini. Mimi kuandika kwenyewe nilijifunza kwa kuziiga barua zako. Junaid akaniuliza mbona siendelei kusoma, nikasingizia jua.

Halafu ukurasa wa pili, waliohudhuria. Majina arobaini na moja. Hivi ukoo wa Liberatus ndio wenye mwenyekiti wa mtaa, mabalozi wawili na kwaya nzima ya akina mama? Junaid ndiye aliyeng'amua. Akasema, "Tumpe, hii ni karatasi ya msibani. Tazama pembeni, imekatwa." Kweli, hata kwenye kopi mkasi unaonekana, umekwenda upogo. Tukampigia Severina. Akakumbuka vizuri kabisa. Siku ya kuanua matanga walimsomea daftari la rambirambi, nani katoa nini, kama ilivyo desturi, wakamkabidhi, naye akaweka saini chini kwamba amepokea. Msiba mzima aliweka saini hiyo moja tu.

Basi ndiyo hiyo. Mtu kakata safu ya michango, yakabaki majina, na saini ya kupokea pole ikageuka saini ya kutoa nyumba.

Nina hasira, mjomba. Nimeanza barua hii mara nne, tatu nimezichana. Unajua kinachoniuma zaidi? Barua yangu ya Machi ilikuwa na jina la Liberatus. Ilikuwa na jina la Didas. Ukasoma, ukajua, halafu ukakaa ukaniandikia habari za suti! Ukanituma nikamwambie mjane akaongee na shemeji zake kindugu!

Niambie neno moja tu. Hicho kikao ulikiona?

Tumpe


Ilomba, Mbeya,
Siku ya Pentekoste, 8 Juni 2025

Bi. Tumpe,

Salamu. Hapa ni wazima. Baridi imeingia, asubuhi majani yanakuwa meupe kwa jalidi. Anti yako ameuliza mbona chakula nakiacha, nikamwambia ni goti.

Nimepokea barua yako ya Aprili, na ile ya Mei yenye swali moja bila hata shikamoo. Nimezisoma zote mbili. Asante ya punda ni mateke, huo msemo nilikuwa nausikia kwa watu, sasa nimepigwa teke lenyewe. Nani alikupeleka bweni na godoro kichwani? Ulipougua kidato cha pili, nani alilala sakafuni hospitali siku sita? Leo unaniandikia kama polisi anayemhoji kibaka!

Tena nikwambie. Wewe umejitolea mwaka mmoja na nusu, unaandaliwa ukumbi na mgeni rasmi. Mimi niko kwenye meza ile miaka saba tangu nistaafu. Wajane wangapi nimewaandikia bure? Vikongwe wangapi wamekuja na kuku, nikawarudisha na kuku wao? Nani alinipigia makofi? Nyinyi mnakwenda Ilula Jumamosi mmevaa fulana zenye maandishi mgongoni, mnapiga picha, jioni mnapanda gari mnarudi kwenye vitabu vyenu. Sisi tunabaki na watu.

Unauliza habari ya kikao. Wewe si mgeni, unajua mambo ya kwetu yanavyokwenda. Matanga yakianuliwa asubuhi, watu hawaondoki. Wanakunywa chai, ukoo unakaa, msimamizi anachaguliwa, ndipo wanatawanyika. Walioandikwa kwenye daftari ndio haohao waliokaa. Misiba yote iko hivyo. Didas alikuja mezani kwangu na ukurasa wa daftari, akasema kikao kimekaa siku hiyo, ila mwandishi wao hajui lugha ya mahakama, niwaandikie. Nikaandika kama nilivyoandika vikao mia. Kosa langu liko wapi? Saini ya mjane ilikuwepo, tena ya kweli! Hata yeye mwenyewe haikani.

Na mkasi ulikuwa wangu, kama hilo nalo linakukosesha usingizi. Michango ya watu mahakama haina kazi nayo. Nilikuwa nasafisha karatasi.

Sasa nasikia mmemfungulia huyo mama maombi ya kutengua usimamizi, na ndani mmenitaja. Jina langu, Tumpe! Uliliandika kwa mkono wako? Mimi ni mzee wa kanisa. Nina miaka sitini na saba. Mtu wa umri huu akiitwa mghushi anakwenda kukaa wapi? Msitegemee nisimame mbele ya hakimu ambaye ningeweza kumzaa, nikajivue nguo mwenyewe.

Suti imekwisha kushonwa. Nitakuja Julai kwa sababu niliahidi, na hizo hasira zako utaziacha mlangoni.

Mjomba wako,
Yotamu


Iringa,
15 Juni 2025

Mjomba,

Shikamoo. Mama mzima, ila anauliza kuna nini kati yetu. Nimemwambia akuulize wewe.

Umenitukana kurasa mbili, na katikati umenijibu. Hukukiona. Nashukuru kwa hilo.

Ndiyo, jina lako niliandika mimi. Siku ileile ya Aprili nilimweleza Madam Benedicta kwamba mwandishi wa karatasi hii ni mjomba wangu. Akanitoa kwenye kuongoza shauri, akampa Junaid, na alikuwa sahihi. Lakini ilipofika mahali pa kutaja mwandishi nikawaomba kalamu. Sikutaka mtu mwingine akuandike.

Kwamba umewasaidia wengi bure, sibishi. Likizo zangu nimekaa pembeni ya meza ile, nimewaona kwa macho yangu, na kuku wao. Ningekuwa na ukumbi wangu ningekutunuku wewe kabla ya mwanafunzi yeyote. Ila Severina umemtoa nyumbani kwake, na hao wote hawamrudishii hata chumba kimoja.

Kuandika desturi bila kuuliza, hilo kosa nalielewa. Hata mimi ningeweza kulifanya. Nisichokielewa ni barua ya Aprili. Aprili hukuwa umekosea, Aprili ulikuwa unajua. Halafu tarishi wa mahakama amekuja kwako mara mbili na wito, mara mbili ameambiwa uko shamba. Tangu lini una shamba, mjomba?

Shauri litasikilizwa Alhamisi tarehe 17 Julai, saa tatu asubuhi. Mimi nina mtihani siku hiyo, atakwenda Junaid. Severina hana wakili, na sisi wanafunzi haturuhusiwi kusema mbele ya hakimu, tunakaa benchi la nyuma. Atasema mwenyewe. Kinachompinga ni saini yake ya kweli, na alichonacho ni mdomo wake. Asiposimama aliyeandika akasema kikao hakukiona, hakimu ataamini karatasi. Wewe ndiye unayejua kuliko sote kwamba ataamini karatasi. Na Didas ameshapata mnunuzi, anamkabidhi nyumba mwisho wa Julai.

Hafla ni Ijumaa ya wiki inayofuata, tarehe 25. Usije. Jina lako nimelifuta mstari wa mbele. Siwezi kushika cheti kwa ajili ya Severina, na wewe umekaa pale unanipigia makofi. Ama uende mahakamani ama ubaki nyumbani.

Sitaandika tena mpaka tarehe hiyo ipite.

Tumpe


Ilomba, Mbeya,
18 Julai 2025

Tumpe,

Salamu yako sikuingoja, nakupa marahaba hivyohivyo. Anti yako mzima. Tangu jana hajasema na mimi, lakini chai ameniwekea.

Junaid atakuwa amekusimulia. Yeye alikaa nyuma, mengine hakuyasikia, kwa hiyo sikiliza kwangu.

Kwanza usijipe sifa. Sikwenda kwa ajili ya barua yako. Barua yako ilinichoma, nikaikunja nikaitia ndani ya Biblia, nikaapa siendi ng'o. Ni huyo Didas. Baada ya Sabasaba alikuja tena mezani. Safari hii mnunuzi anataka muhtasari wa kikao cha ukoo kuridhia nyumba iuzwe. Akasema, "Niandikie kama ule wa kwanza." Nikachukua karatasi. Na Tumpe, nakwambia jambo ambalo sijamwambia hata mchungaji. Nilikuwa nimeshaandika "Kikao kilifunguliwa kwa sala mnamo saa nne kamili asubuhi" ndipo akili ikanirudia. Mkono ulianza wenyewe. Nikaweka kalamu nikamwuliza, kikao hicho kilikaa wapi? Mtu yule akacheka. Akasema, "Mzee, tangu lini wewe unauliza?"

Nilikunja meza saa tano asubuhi nikarudi nyumbani, na tarishi alipokuja mara ya tatu nilimfungulia mwenyewe.

Jana basi. Hakimu ni binti, mpole, anaandika kila kitu kwa mkono. Severina alisimama na khanga zake mbili, hakulia. Akaonyeshwa karatasi, akaulizwa kama saini ni yake. Akasema, "Ni yangu, Mheshimiwa. Niliiweka nilipopokea pole za watu. Sikujua pole inahamisha nyumba." Watu mahakamani waliguna. Mimi nilitamani sakafu ipasuke.

Nikaitwa. Nikaapa. Akaniuliza, mzee, mwandiko huu ni wa nani? Nikasema wangu. Kikao ulikiona? Sikukiona. Karatasi ya majina nani aliikata? Mimi, kwa mkasi wangu. Akamaliza kuandika, halafu akauliza swali ambalo wewe hukuniuliza. Akasema, "Ulipoona majina ya kwaya na mabalozi kwenye kikao cha ukoo, hukushangaa?"

Nikasema, "Nilishangaa, Mheshimiwa. Nikaendelea kuandika."

Ndivyo ilivyokuwa. Kwenye barua ya Juni nilikudanganya kwamba nilikuwa nasafisha karatasi. Nilijua ninakata nini. Nilijiambia ni jambo la ndugu, watamalizana wenyewe, na Didas alikuwa mtu wa kunisalimia kila asubuhi. Na ulipoleta jina la mjane Machi nilinyamaza ili nisikose kile kiti cha mbele. Hilo nalo nililisema mahakamani, ingawa hakuna aliyeniuliza. Didas akapiga kelele kwamba nimenunuliwa, akaonywa, akakaa.

Baada ya saa moja hakimu akasoma uamuzi. Usimamizi wa Didas umetenguliwa. Kikao kipya kikae mbele ya mtendaji wa kata, mjane akiwepo yeye mwenyewe. Nyumba isiuzwe wala isikabidhiwe mtu. Halafu akaagiza nakala za shauri ziende polisi. Natakiwa kituoni Jumatatu tarehe 28, saa mbili na nusu asubuhi, mimi na Didas, tukatoe maelezo.

Mlangoni nilikutana na Severina. Nikamwambia, mama, nisamehe. Akanitazama, akamshika mkono Junaid wakaondoka. Simlaumu. Uzee wa kanisa nimeambiwa niupumzishe. Meza nimempa mtu wa steshenari.

Usije huku. Simu nimezima, nimechoka na pole za watu. Usinitafutie mtu wa kunisaidia pia. Msaada wa bure nimeutoa miaka saba, nimewaona wanaoupokea wanavyoinamisha macho. Nitakwenda mwenyewe niwaandikie polisi maelezo kamili, kwa lugha inayoeleweka, yaishe.

Hafla njema. Natumaini ngazi si nyingi.

Mjomba wako,
Yotamu


Iringa,
Jumamosi, 26 Julai 2025

Mjomba Yotamu,

Shikamoo, na hii ni shikamoo kweli. Anti Anjela mwambie asante kwa ile chai. Mama ameshajua yote, nimemweleza mimi, amelia, halafu amekasirika, halafu ameuliza kama una soksi nzito za kuvaa huko kituoni. Sasa anautukana ukoo mzima wa Didas kwa Kinyakyusa na hataki nimwambie anyamaze.

Hafla imefanyika jana. Nilitaka nikusimulie kwa furaha, nimeshindwa. Severina hawakumwalika! Nilipomwuliza mratibu akasema nafasi ni chache. Picha yake wameiweka ukutani, ya futi mbili, ameshika tenga la nyanya, lakini yeye mwenyewe nafasi hana. Basi kiti chako cha mbele nikampa. Alikuja na basi la asubuhi, akakaa pembeni ya mke wa mgeni rasmi, na soda yake akaiweka ndani ya mkoba awapelekee watoto.

Mshereheshaji akatangaza kwamba wanafunzi hawa walisimama mbele ya hakimu kumtetea mjane mpaka haki ikapatikana. Ukumbi ukashangilia. Mimi nikachemka. Nilipopewa dakika mbili za kushukuru nikasema hatukusimama popote, sisi ni wanafunzi, siku hiyo mimi nilikuwa kwenye mtihani na mwenzangu alikuwa benchi la nyuma. Nikasema waliosimama ni wawili. Mmoja ni huyu mama hapa, na sijui kwa nini haitwi jukwaani. Wa pili ni mjomba wangu, ambaye ndiye aliyeandika karatasi ya uongo, na ndiye aliyekwenda kusema ni ya uongo, na Jumatatu anakwenda polisi. Nikasema, huyo nimjumlishe wapi, kwenye wanaosaidia au wanaodhulumu? Mgeni rasmi akatazama saa. Madam Benedicta alikuwa amefunika uso kwa ratiba, ila baadaye alinishika bega. Severina hakupiga makofi wala hakukasirika. Tulipotoka akaniambia, "Yule mzee wako ana mtu wa kwenda naye?" Nikamwambia, mimi. Akasema, "Haya," akapanda basi.

Cheti ninacho. Kina jina langu bila kosa. Kipo ndani ya begi na nguo.

Na usidhani nimekusamehe. Bado nina hasira na wewe, mjomba, kubwa tu. Ulinyamaza kwa ajili ya kiti! Nitakuja kugombana na wewe kwa hasira hiyo ana kwa ana, jikoni, anti akisikia, na utanisikiliza mpaka mwisho. Lakini mambo ya polisi hayangoji tumalize ugomvi.

Hutaki msaada, sawa, umesema, nimesikia, na sijali. Madam Benedicta amempata wakili hapo Mbeya, anajitolea, amekubali kuingia na wewe kwenye maelezo. Mimi mwanafunzi nitakaa nje kwenye benchi. Yeye atakuwa kituoni saa mbili, na mimi nafika kwenu kesho jioni.

Barua hii anakuletea kondakta wa basi la kesho alfajiri, kwa kuwa simu umezima na nataka uisome kabla Didas hajakufikia na maneno yake. Yeyote akija kabla yangu, awe yeye, awe askari, mpe jina lako na umri wako, basi. Maelezo usiyaandike mwenyewe. Nakujua, mkono utawasha kuwasaidia lugha. Weka kalamu chini, mjomba. Usitie saini karatasi yoyote mpaka nifike niisome.

Tumpe